Mtoto Anayetikisa Kichwa: Picha za Ubongo Zimefunua Nini?

Mafubira ni nchi ya miwa, migomba na mahindi kando ya mji wa Jinja, si mbali na ukingo wa Mto Naili ambao Wasoga huuita Kiyira. Mtu akitaja mbwa huko leo, msikilizaji humfikiria mlinzi wa nyumba. Zamani, hata hivyo, jina hilo lilikuwa pia la kiumbe kingine kabisa: inzi mweusi mwenye kibyongo, urefu wake milimita 2 hadi 4, aliyezaliwa katika maporomoko ya mto na kuwauma wavuvi, wachotaji maji na wapita njia pasipo huruma. Madaktari wa kikoloni walilichukua jina la wenyeji wakaliandika vivyo hivyo katika vitabu vyao. Kwa Kiswahili inzi huyo huitwa usubi, na ugonjwa anaoueneza umepewa jina lilo hilo.

Usubi anapomuuma mtu humwachia vijidudu vya mnyoo. Mnyoo mzazi hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, akazaa watoto maelfu kwa maelfu, nao hutambaa ngozini hata kufika machoni. Mgonjwa hujikuna usiku kucha, ngozi yake hukauka ikawa kama ya mjusi, na mwishowe aweza kupofuka. Hayo yamejulikana kwa miaka mingi. Lililochelewa kujulikana ni kwamba mdudu huyo yaelekea ana sehemu yake pia katika maradhi ya ubongo, tena ubongo wa mtoto.

Dalili ya kwanza ilionekana karibu na Jinja kwenyewe. Mwaka 1950 madaktari wawili, Raper na Ladkin, walichapisha katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki habari za watu wafupi kupita kiasi waliowaona upande wa msitu wa Mabira, ulio kati ya Jinja na Kampala. Watu hao walizaliwa wazima, wakakua vizuri miaka ya mwanzo, kisha kimo kikasimama. Wengine waliharibika mifupa ya kifua na mgongo, wengine hawakupata kubalehe, wengine wakashikwa na kifafa na akili zao zikadumaa. Wenyeji waliita hali hiyo Nakalanga, jina la pepo wa msituni aliyedhaniwa kuwaadhibu watu kwa kuwanyima kimo. Madaktari walitambua kwamba Nakalanga na usubi vilikaa mahali pamoja, lakini hawakuweza kueleza kwa nini.

Habari hizo zingelala makabatini pamoja na karatasi nyingine za wakati ule, kama si yaliyotokea baadaye kaskazini mwa nchi.

Katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, nchi ya Waacholi, wazazi walianza kuona watoto wao wakiinamisha vichwa mara kwa mara kama watu wenye usingizi. Waacholi waliuita ugonjwa huo luc luc, yaani kuinamisha-inamisha kichwa. Wengi wa watoto hao waliugua katika miaka ambayo jamaa zao walikuwa wamesongamana katika kambi za waliohama makwao, wakati wa vita baina ya serikali na waasi wa Lord's Resistance Army. Mwishoni mwa mwaka 2009 wataalamu wa Uganda na Marekani walikwenda Kitgum kuuchunguza, na mwaka 2012 mkutano wa kimataifa ulifanyika Kampala ili madaktari wakubaliane namna ya kuutambua na jina la kuuita. Hesabu za kwanza zilitaja watoto 3,000 na zaidi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa mwaka 2013 ulipata idadi ndogo kuliko hiyo, yapata watoto 1,700 katika wilaya zile tatu. Hata hivyo maana yake ni kwamba katika kila watoto 1,000 wa umri wa miaka 5 hadi 18, karibu 7 walikuwa wagonjwa. Kwa kijiji kimoja huo ni msiba mkubwa.

Waganda hawakuwa wa kwanza kuuona. Katika miaka ya 1960 Dakta Louise Jilek-Aall, mwanamke wa Norway aliyewatibu wenye kifafa huko Mahenge, Tanzania, aliandika juu ya watoto ambao majirani walisema juu yao, "amesinzia kichwa". Sudan Kusini nako watoto wa namna hiyo wameonekana tangu miaka ya 1990. Mahenge ni mbali sana na Sudan Kusini na Kitgum, na watu wa sehemu hizo ni wa lugha na vyakula mbalimbali. Kinachofanana ni mito yenye maji ya kasi, na usubi.

Wakazi wa Mafubira na wa kambi za Jinja wana sababu ya kuyajua haya ingawa ugonjwa uko mbali nao. Askari na polisi huhamishwa, nao huhama na jamaa zao. Mtoto aliyeugua kaskazini aweza kujikuta katika darasa la shule ya kambi, mbele ya mwalimu ambaye hajapata kuusikia ugonjwa huu, akachapwa kwa kusinzia.

Si usingizi

Mara nyingi jambo huanza mtoto akiwa na umri wa miaka kati ya 3 na 18, hasa anapokaribia umri wa kwenda shule au akiwa ameanza. Mama huleta chakula. Mtoto anyoosha mkono. Kabla hajala, kichwa chake chaanguka kifuani, chainuka, chaanguka tena. Katika dakika moja kichwa chaweza kuanguka mara 5 hadi 20. Chakula na baridi ya asubuhi ndivyo vitu viwili vinavyotajwa sana na wazazi kuwa huamsha hali hiyo. Mtoto hapotezi fahamu kabisa siku za kwanza, ila macho yake hutazama mbali na hajibu upesi.

Watu waliotazama kwa macho matupu walidhani kwamba mtoto anakitikisa kichwa chake. Wapimaji walipombandika mtoto nyaya za kupokea umeme wa ubongo, na papo hapo wakapima misuli ya shingo, waliona kinyume chake. Kwa nukta chache misuli ya shingo huacha kazi, kama kamba iliyokatwa, na kichwa huanguka kwa uzito wake chenyewe. Wakati uo huo umeme wa ubongo huchafuka. Hiki ni kifafa, ingawa hakina kelele wala povu. Matokeo ya uchunguzi huo, uliofanywa kwa watoto wa Kitgum, yalichapishwa mwaka 2013.

Baada ya muda, pengine miaka michache, huja kifafa cha kuanguka ambacho kila mtu hukitambua. Hapo ndipo akili huanza kurudi nyuma. Mtoto aliyekuwa akihesabu hadi mia husahau hesabu. Aliyekuwa akitumwa dukani hurudi bila kitu, hajui alitumwa nini. Maneno hupungua. Mwendo huwa wa polepole na mzito, wengine viungo hukakamaa, wengine huanza kutangatanga hata kupotea porini. Kimo husimama na mwili hukonda, kwa kuwa mlo wenyewe ndio unaomletea mtoto kifafa, naye huacha kula. Baadhi yao huwa na sura ile ile waliyoieleza Raper na Ladkin mwaka 1950, na leo wataalamu wengi huhesabu Nakalanga na kutikisa kichwa kuwa ndugu wawili wa ukoo mmoja.

Sumaku iliyopiga picha

Je, akili hiyo imekwenda wapi? Swali hilo wazazi waliwauliza waganga, makasisi na madaktari. Wengine waliambiwa kwamba roho za waliouawa vitani zimemkamata mtoto. Wengine walitoa mbuzi na kuku, na ugonjwa ukabaki. Zipo nyumba ambamo mama alishutumiwa na wakwe zake kuwa ndiye aliyeleta laana.

Baadhi ya watoto walisafirishwa hadi Kampala ili ubongo wao upigwe picha. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa wa fuvu, haionyeshi kilichomo. Mashine inayofaa ni ile ya sumaku, ambayo watu wa hospitali huita emarai. Ni bomba pana lenye sumaku yenye nguvu kubwa mno. Mwili wa binadamu, na ubongo hasa, umejaa maji. Sumaku huyapanga maji hayo, mawimbi ya redio huyasukuma kidogo, na yanaporudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha, kipande juu ya kipande, kama mkate uliokatwa. Hakuna kisu wala mnunurisho. Mashine hugonga kwa kelele kama nyundo juu ya bati, na mgonjwa hupaswa kulala kimya bila kujitikisa, jambo ambalo kwa mtoto wa ugonjwa huu si jepesi; baadhi hulazimika kupewa dawa ya usingizi. Askari nao wakumbuke jambo moja: mtu mwenye kipande cha risasi au cha kombora mwilini hana budi kumwambia mpimaji kabla ya kuingia katika chumba hicho, kwa maana sumaku yaweza kukivuta chuma kilichotulia ndani ya nyama kwa miaka ishirini.

Mwaka 2013 Dakta Richard Idro wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha habari za watoto 22 waliochunguzwa hivyo. Ubongo mzima huujaza mfupa wake kama kiini cha karanga kinavyolijaza ganda. Picha za watoto hao zilionyesha ubongo uliosinyaa, mmoja kidogo, mwingine sana: tabaka la juu, ambalo ndilo la kufikiri na kusema, lilikuwa limepungua, na mifereji yake imepanuka. Ubongo mdogo ulioko kisogoni, ambao husawazisha mwendo na mikono, nao ulikuwa umesinyaa. Huko Mahenge, picha zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha makovu, na kwa wagonjwa wengi waliopigwa picha kulikuwa na kasoro katika hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja pande mbili za kichwa, ambayo huweka kumbukumbu mpya. Kwa hiyo yule mtoto anayerudi kutoka dukani mikono mitupu hakuwa mkaidi.

Inafaa kukaa kidogo juu ya picha hizo, maana zilifanya kazi mbili. Ya kwanza ni ya kitabibu. Ya pili, ambayo pengine ni kubwa kuliko ile ya kwanza, ni kwamba zilimpa mzazi kitu cha kuonyesha. Mama aliyeambiwa kwamba mwanawe ana pepo aliweza kuona kwa macho yake kwamba mwanawe ana ugonjwa, kama vile mwingine ana jiwe katika figo.

Lakini picha ya sumaku huonyesha umbo tu. Haiwezi kusema ni nini kilichoula ubongo. Jibu la swali hilo lilitafutwa kwa njia ngumu zaidi, kwa idhini ya wazazi waliofiwa. Mwaka 2018 Michael Pollanen wa Toronto, Kanada, pamoja na wenzake, wakiwemo madaktari wa Uganda, walieleza walichokiona kwa darubini katika ubongo wa vijana watano wa Kiacholi waliofariki wakiwa na umri wa miaka 13 hadi 18. Ndani ya chembe za ubongo mlikuwa na nyuzi zilizosokotana za protini iitwayo tau. Protini hiyo kila mtu anayo, na kazi yake ni kuimarisha njia za ndani za chembe. Ikiharibika hujikunja, hujikusanya na kuiua chembe polepole. Wazee wenye kusahau huwa nayo. Wagonjwa wa maradhi machache ya mwendo, ambao miili yao hukakamaa na macho yao hushindwa kutazama chini, huwa nayo pia. Kuikuta katika ubongo wa mtoto wa miaka 13 kuliwashtusha wataalamu. Tena ilionekana katika sehemu ya mbele ya ubongo, katika ile ya pembeni, na hata katika kijisehemu cheusi cha shina la ubongo ambacho kikiharibika mzee hupata ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Pollanen na wenzake wakaamua kwamba kutikisa kichwa ni ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo, mpya kwa sayansi.

Wapo waliokataa. Mwaka uliofuata wataalamu wengine, wakiwemo wa Ubelgiji, walichunguza ubongo wa wagonjwa wengine kutoka kaskazini mwa Uganda, wakaona hasa alama za uvimbe na makovu. Tau waliiona kwa baadhi tu. Yawezekana, walisema, kwamba tau ni majivu ya moto, wala si moto wenyewe: kifafa cha miaka mingi kisichotibiwa chaweza kuuacha ubongo katika hali hiyo. Mnyoo wenyewe hawakumwona ubongoni. Mwaka 2017 kulikuwa kumetolewa fikra kwamba askari wa damu, wakipigana na mnyoo, huwashambulia kwa makosa wenzao wa ubongoni wanaofanana naye. Fikra hiyo nayo imepata wapinzani. Mjadala haujakwisha.

Hata hivyo, ushahidi kwamba usubi umo katika shauri hili umekuwa mzito. Katika bonde la Mbam nchini Kameruni, watoto walihesabiwa minyoo ya ngozini kati ya mwaka 1991 na 1993. Mwaka 2017 wachunguzi walirudi katika vijiji vile vile kuwauliza habari zao. Kadiri mtoto alivyokuwa na minyoo mingi utotoni, ndivyo alivyokuwa katika hatari kubwa ya kupata kifafa baadaye.

Kilichopotea na kilichobaki

Mzazi akishaona picha ya ubongo uliosinyaa, huwa rahisi kukata tamaa. Hapo ndipo picha inapoweza kudanganya. Sumaku hupima nyama ya ubongo. Haipimi akili yenyewe, wala haisemi mtoto atafanya nini mwaka ujao. Mtoto ambaye ubongo wake unapigwa na kifafa mara hamsini kwa siku huonekana mjinga kupita alivyo, kwa sababu hapati nafasi ya kufikiri. Kifafa kikitulizwa, huonekana ni kiasi gani kilichobaki.

Hilo si neno la kuwafariji wazazi tu. Kuanzia mwaka 2012 serikali ya Uganda ilifungua vituo vya matibabu katika wilaya zilizopatwa, na watoto wakaanza kupewa dawa ya kifafa iitwayo sodiamu valproeti pamoja na chakula, vitamini na mafunzo kwa wazazi. Baada ya mwaka mmoja hivi, watoto 484 walikaguliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Mmoja katika kila wanne alikuwa hana kifafa tena. Kwa jumla vipindi vya kifafa vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 70. Wanne katika kila kumi walikuwa shuleni, na baadhi yao ni wale waliokwisha kuondolewa shule kwa ajili ya ugonjwa. Zaidi ya asilimia 80 waliweza kujiogesha, kuvaa na kula wenyewe. Dawa hiyo haikuurudishia ubongo nyama iliyopotea. Iliuzuia usiendelee kupigwa, na hiyo ilitosha kumrudisha mtoto mezani na darasani.

Kazi ya nyumbani basi si ndogo. Dawa hunywewa kila siku kwa saa ile ile, wala haiachwi ghafula eti kwa sababu mtoto amepata nafuu. Kuiacha ghafula huleta kifafa kikali kuliko cha kwanza, na ndiyo iliyowaua wengine. Jamaa inayohamishwa ichukue barua ya daktari na dawa za kutosha safari, na mzigo huo ubebwe mkononi, usipakiwe chini ya vitanda na masufuria katika lori. Msichana anayekaribia utu uzima apelekwe kwa daktari kuzungumzia dawa hiyo upya, kwa sababu valproeti humdhuru mtoto aliye tumboni.

Moto wa mafiga ndio adui wa pili. Watoto wengi wa ugonjwa huu wana makovu ya kuungua, maana huanguka walipoketi kuota moto au kungoja chakula. Ukuta mfupi wa udongo kuzunguka mafiga, wa kimo cha goti, huokoa uso na mikono. Kisima kifunikwe. Mtoto asitumwe mtoni peke yake. Anapoanguka, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, nguo ya shingoni ilegezwe. Asitiwe kijiko wala mti kinywani, wala asimwagiwe maji. Kikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Chakula apewe kidogo kidogo mara nyingi, mtu akiwa ameketi naye, na kichwa kikianza kuanguka mlo usimame mpaka kitulie. Uji wenye maziwa, karanga iliyosagwa au dagaa wa unga humrudishia mwili uliokonda upesi kuliko posho tupu.

Lipo jambo jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni la polisi hasa. Baadhi ya wazazi waliokwenda shambani waliwafunga watoto wao kwa kamba mtini ili wasipotee wala kuangukia moto. Mtu wa mbali huliona kuwa ukatili. Mara nyingi lilikuwa woga wa mama asiye na wa kumwachia mtoto. Kumkamata mama huyo kusingemponya mtoto, ila kumpeleka kwenye kituo cha matibabu kungeweza. Kinyume chake, wasichana wenye ugonjwa huu wamenajisiwa na watu waliojua kwamba hawawezi kukimbia wala kueleza vizuri yaliyowapata. Ushahidi wa msichana anayesema polepole ni ushahidi. Askari anayeandika maelezo ampe nafasi, amwite mama au shangazi yake aketi karibu, amuulize maneno machache kwa mara moja, na amwahishe kwa daktari siku iyo hiyo.

Mto uliosafishwa

Turudi Jinja, maana huko ndiko ilikothibitishwa kwamba mdudu huyu hashindwi kuondolewa. Mtoto wa usubi huishi majini, amejishikiza kwenye jiwe au jani, mahali ambapo maji yanapiga kwa nguvu na kumletea hewa na chakula. Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 dawa ya DDT ilimiminwa katika Naili kuanzia Jinja. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyafunika maporomoko ya Ripon kwa maji yaliyotulia, na mdudu akakosa baadhi ya makao yake. Kazi iliendelea kwa miaka, mara ikipoa, mara ikianza upya, hata katika miaka ya 1970 ugonjwa wa usubi ukakatika katika sehemu hii ya mto. Nakalanga wa Mabira nao wakaacha kuzaliwa. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuzuia kifafa wala kudumaa; walikusudia kuokoa macho na kuwaondolea watu kero ya kuumwa. DDT yenyewe haitumiki tena mitoni, kwa kuwa huwadhuru samaki na ndege na hukaa muda mrefu.

Upande wa Mbale, miteremkoni mwa Mlima Elgon, mdudu alikuwa wa aina nyingine, mwenye hila zaidi. Watoto wake hawakai juu ya jiwe, hujishikiza juu ya mgongo wa kaa wa mtoni, wakatembezwa huku na huku. Wapimaji iliwabidi wawanase kaa, wawageuze na kuhesabu vijidudu. Huko ilitumika dawa ya ivermektini, ambayo wengi huijua kwa jina la Mectizan, watu wakipewa mara mbili kwa mwaka, na vijito vikatiwa dawa. Mwaka 2014 ilitangazwa katika majarida kwamba maambukizo ya Elgon yamekatika.

Kaskazini ilikuwa zamu ya mwisho. Vita vilizuia kila kitu. Ivermektini ilianza kutolewa kwa ukawaida mwaka 2009, ikawa mara mbili kwa mwaka tangu 2012, mwaka ambao pia mito ya Aswa na Pager ilianza kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Baadaye ikaonekana njia isiyohitaji ndege wala mapipa. Vijana wa kijiji huingia mtoni na panga, wakakata matawi na majani yanayoburura majini, ambayo ndiyo vitanda vya watoto wa usubi. Mahali palipofanyiwa hivyo wadudu wanaouma walipungua sana. Tangu kama mwaka 2013 watoto wapya wenye kutikisa kichwa karibu hawakuonekana tena katika wilaya zile. Kwa hiyo siku ya kugawa vidonge ikifika kijijini ambako bado vinatolewa, mtu asivitupe nyuma ya nyumba kwa kuwa macho yake ni mazima. Vidonge hivyo hunywewa pia kwa ajili ya mtoto wa jirani.

Waliougua kabla ya hapo wangali hai wengi. Yule aliyekuwa na umri wa miaka minane wakati wapimaji walipofika Kitgum mwaka 2009 amekwisha kupita ishirini sasa. Baadhi yao hulima, huchunga, huuza mboga sokoni. Baadhi huketi mlangoni mwa nyumba mchana kutwa. Kila mwezi mtu hutembea hadi zahanati kuwachukulia vidonge, na mtu huyo kwa kawaida ni mama, ambaye naye umri unakwenda. Safari nyingine hufika akaambiwa dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo.